Toleo la majaribio kwenye laptopu moja: nipakue au ningoje?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Kisauni, Mombasa, nimemaliza diploma na ninaandika programu za kompyuta za mezani kwa lugha ya C#. Nina mteja mmoja mwenye ofisi ya uwakala wa forodha karibu na Moi Avenue. Programu yake ya kufuatilia makontena nilimwandikia kwa WinForms (zana ya kutengeneza madirisha na fomu) juu ya .NET 8 (jukwaa la Microsoft la kujengea na kuendeshea programu), nayo inaendelea vizuri. Sasa naona kuna matoleo ya majaribio ya Visual Studio, ile programu ninayoandikia msimbo, na ya .NET inayokuja, na wenzangu wananiambia ukisubiri utabaki nyuma. Laptopu yangu ni moja tu, RAM gigabaiti 8, diski gigabaiti 256, na intaneti ni bando la simu. Nipakue au ningoje? Na nikipakua, nijaribu vipi nisije nikaharibu kazi ya mteja?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na hili la kubaki nyuma, maana naona linakuhangaisha kuliko hata hizo gigabaiti. Toleo la majaribio linakupa nafasi moja tu: kuuliza swali kabla wengine hawajauliza. Ukiwa na swali lako mkononi, pakua hata leo usiku. Ukiwa huna, utafungua dirisha jipya, utatazama vitufe vilivyobadilishwa umbo, utawatumia wenzako picha, na asubuhi utarudi kwenye kazi ile ile bando likiwa limekwisha. Hapo hujatangulia mtu.

Sasa tuje kwenye hofu yako ya kuharibu kazi, kwa sababu ni hofu ya haki na watu wengi hawana.

Wengi wakionya juu ya matoleo haya husema yanaanguka. Kweli yanaanguka, lakini hilo ni dogo. Programu ikianguka unaiona, unaudhika, unaifungua tena. Mimi nahofia zaidi kile inachokiacha nyuma yake kimya kimya, mahali ambapo zana zako za kila siku zitapita kesho. Chukua hifadhidata. Kama programu yako inatumia faili la SQL Server, lile lenye kiambishi cha .mdf, basi siku litakapofunguliwa na injini ya toleo jipya zaidi litapandishwa daraja, na injini ya zamani haitalifungua tena. Hakuna kitufe cha kulirudisha. Unaweza kufuta toleo la majaribio lote, ukasafisha diski, na bado ukabaki na faili la mteja lisilofunguka kwenye kompyuta ya mteja.

Au chukua hili ambalo limewanasa watu wengi zaidi. Visual Studio ya kawaida na ile ya majaribio zinakaa pamoja kwenye kompyuta moja bila kugombana, na hivyo ndivyo tangazo linavyosema. Lakini chini yake kuna vitu wanavyoshirikiana, na kimojawapo ni SDK ya .NET, kile kifurushi cha zana za kujengea programu. Ukisakinisha SDK ya majaribio kwa njia ya kawaida, inakwenda kukaa kwenye folda ile ile ya dotnet chini ya Program Files, ubavuni mwa SDK yako thabiti. Kisha ukiandika amri ya dotnet kwenye dirisha la amri bila kutaja toleo, kompyuta inachukua SDK iliyo mpya kuliko zote ilizo nazo. Hata ikiwa ni ya majaribio.

Nilijifunza hili mwaka 2022 kwa njia isiyopendeza. Nilikuwa nimeweka toleo la majaribio la .NET 7 ili nilitazame jioni moja, nikalisahau. Wiki iliyofuata mwenye duka la vipuri vya magari pale Mwembe Tayari akaniomba kiprogramu kidogo cha kuchapa lebo za rafu. Kazi ya saa mbili. Nikaandika amri ya kuanzisha mradi mpya, nikaandika msimbo, nikajaribu kwenye laptopu yangu, lebo zikatoka safi. Nikatia kwenye fleshi nikaenda nayo. Dukani nikabofya mara mbili, likatokea dirisha dogo jeupe likisema lazima nisakinishe au nisasishe .NET ndipo programu ifunguke. Mradi wangu ulikuwa umejiandikia .NET 7 ndani yake, maana ndiyo iliyokuwa SDK mpya kuliko zote kwangu, nami sikulitazama lile faili la mradi hata mara moja. Yule mzee alikuwa amesimama na kikombe chake cha kahawa, wateja wawili wakingoja nati na bolti, akaniuliza kwa upole: "Si umesema imeshakwisha?" Nilirudi nyumbani, nikabadilisha tarakimu moja, nikajenga upya, nikarejea siku ya pili. Tarakimu moja. Lakini ile sauti ya upole bado ninayo masikioni.

Kwa hiyo la kwanza kabisa, kabla hujapakua chochote, nenda kwenye folda ya mradi wa mteja uweke faili linaloitwa global.json, ukilitajia namba ya SDK unayoitumia sasa. Amri yenyewe ni dotnet new globaljson, na unaweza kuiambatanishia namba ya toleo. Kuanzia hapo, hata uweke SDK ngapi, mradi ule unajua wake ni upi. Faili hilo lina mistari isiyozidi mitano. Lihifadhi kwenye Git, ile zana ya kutunza historia ya msimbo, pamoja na msimbo wenyewe, ili hata siku utakapobadilisha laptopu liwe bado linakulinda.

La pili, kwa hali yako ya diski na bando, usisakinishe Visual Studio ya majaribio kabisa. Microsoft wenyewe husema usakinishaji wa kawaida wa Visual Studio hula gigabaiti 20 hadi 50, na wewe tayari unayo moja. Ya pili itaibana diski, na RAM ya gigabaiti 8 haitoshi kufungua zote mbili na kivinjari kando. Badala yake pakua SDK peke yake, ile iliyofungwa kama faili la zipu, si ile ya kujisakinisha. Uzito wake ni mamia machache ya megabaiti, hilo bando linalimudu. Ifungue kwenye folda yake, tuseme C:\jaribio, kisha kwenye dirisha moja la amri elekeza PATH na DOTNET_ROOT, yaani mipangilio inayoiambia kompyuta dotnet ipo wapi, kwenye folda hiyo. Dirisha hilo peke yake ndilo litakaloijua SDK mpya. Ukilifunga, kompyuta yako inarudi kama ilivyokuwa. Ukimaliza majaribio unafuta folda, basi. Utakosa ile sehemu ya kuchorea fomu kwa kipanya, lakini unaweza kujenga programu yako, kuiendesha na kuona inapogoma, na hilo ndilo unalolihitaji.

Watakaokushauri utumie kompyuta pepe, yaani kompyuta inayoigizwa ndani ya kompyuta yako, hawakosei, ila hawajaiona laptopu yako. Windows Sandbox ni nzuri sana kwa kazi hii, kwa sababu ukiifunga kila kitu ndani yake kinafutika, lakini haimo kwenye Windows ya Home, na kwa gigabaiti 8 utakuwa unangoja kuliko unavyofanya kazi. Siku utakapoongeza RAM, irudie fikra hiyo.

La tatu: nakili. Folda nzima ya mradi, na nakala ya hifadhidata yenye data za kubuni. Usiifungue ile halisi hata kwa dakika moja ya kuchungulia. Nimesema usiifungue, sikusema usiibadilishe, kwa sababu kama ulivyoona kwenye lile faili la .mdf, kufungua kwenyewe ndiko kubadilisha.

Sasa swali. Wewe ukae chini ujiulize unataka kujua nini, na kwa hali yako mimi naona swali moja ambalo ni la lazima, nalo ni kama programu yako itasimama kwenye .NET 10, na jibu lake halimo hata kwenye toleo la majaribio.

Msaada wa .NET 8 unakwisha tarehe 10 Novemba 2026. Baada ya hapo haitapata viraka vya usalama, na ofisi ya forodha yenye namba za PIN za kodi za waagizaji na hati za mizigo si mahali pa kuachia programu isiyo na viraka. Unapaswa kuhamia .NET 10, iliyotoka Novemba 2025 na yenye msaada wa miaka 3, na Visual Studio 2026, iliyotoka rasmi mwezi huo huo, ndiyo iliyokusudiwa kwenda nayo. Hayo yote ni matoleo thabiti. Kwa hiyo nilipokuambia pakua, nilikuwa na maana uanze na hii .NET 10 kwa njia ile ile ya folda ya pembeni, uone programu ya mteja inasemaje. Ile ya majaribio inayoifuata itakungoja.

Na utakapojaribu, angalia jambo hili kwa macho mawili: BinaryFormatter. Hii ni njia ya zamani ya kuhifadhi vitu vya programu kwenye faili au kwenye ubao wa kunakilia, na ina udhaifu wa usalama unaojulikana miaka mingi. Kwenye .NET 8 ilizimwa kwa aina nyingi za miradi, lakini WinForms na mwenzake WPF ziliachiwa. Ndiyo maana kwako inaendelea vizuri. Kwenye .NET 9 Microsoft wakaiondoa kabisa: ukiita, inakutupia kosa, na hakuna mpangilio wa kuiamsha, isipokuwa kifurushi cha pembeni ambacho wao wenyewe hawakiungi mkono. Huenda hujaiita mwenyewe hata mara moja. Lakini kama programu yako inaburuta safu ya makontena kutoka jedwali moja kwenda jingine, au inanakili kitu cha darasa ulilotunga mwenyewe, huenda BinaryFormatter imo ndani, imejificha. Programu itajengwa bila kosa, itafunguka, itaonyesha orodha, kisha karani ataburuta safu na mambo yataishia hapo. Huo ndio mfano wa kitu ambacho mtu aliyejaribu matoleo ya awali ya .NET 9 mwaka 2024 alikijua miezi kabla, akatengeneza kwa nafasi yake. Huyo ndiye aliyetangulia, mwanangu. Alikuwa na programu mkononi na swali kinywani.

Ukishavuka hapo na ukataka kweli kujaribu yanayokuja, basi jua kalenda. Kwa .NET, tangu toleo la 6, majaribio huanza Februari, yanatoka karibu kila mwezi mpaka saba yatimie, kisha Septemba na Oktoba yanakuja mawili ya kukaribia mwisho, na Novemba linatoka thabiti. Nyakati hizi mbili zina kazi tofauti na watu huzichanganya. Miezi ya mwanzo ndiyo ya kutoa maoni: jina la amri halijagandishwa, umbo la kitu linaweza kubadilika, na ukilalamika kwa hoja wanaweza kukusikiliza. Septemba ukilalamika kwamba jina ni baya umechelewa, watakachotengeneza ni makosa mazito tu. Lakini Septemba ndiyo wakati mzuri wa kujaribu programu yako mwenyewe, kwa sababu unachokiona ndicho kitakachotoka, na hayo mawili ya mwisho Microsoft huyaruhusu hata kutumika kazini. Mwenye mteja mmoja na bando la simu, ningemwambia aachane na Februari, angoje Septemba. Isipokuwa kuna kitu kimoja kimemgusa moyo.

Zana nyingine zina mila zake. Matoleo ya EAP, yaani ya majaribio ya mapema, ya kampuni ya JetBrains, kwa mfano ya Rider, zana yao ya kuandikia programu za .NET, mara nyingi ni ya bure, lakini kila moja huisha muda wake baada ya siku 30, kwa hiyo usilikute limefungwa asubuhi ya kukabidhi kazi. VS Code Insiders, toleo la majaribio la kihariri cha msimbo cha VS Code, lile lenye nembo ya kijani, hutoka karibu kila siku na huweka mipangilio yake na viongezi vyake kwenye folda yake yenyewe, na kwa laptopu yako hiyo ndiyo ya kuanzia ukitaka kuzoea tu kuishi na kitu kisichokomaa.

Usimwahidi mteja kitu ulichokiona kwenye toleo la majaribio. Hili nalisema kwa uzito wote. .NET MAUI, zana ya kuandika programu moja ya simu na kompyuta, ilikuwa itoke pamoja na .NET 6 Novemba 2021; ikaahirishwa, ikatoka Mei 2022. Waliopanga kazi zao kwa tarehe ya kwanza walikaa nusu mwaka wakieleza. JetBrains walitoa Fleet, kihariri kipya cha msimbo, kwa majaribio ya wazi mwaka 2022, watu wakaipenda, na Desemba 2025 ikasitishwa bila kupata hata toleo moja thabiti. Lugha ya Java nayo, ambayo kifurushi chake cha zana huitwa JDK, ilijaribu njia mpya ya kuunganisha maneno na thamani kwenye JDK 21 na 22, kisha kwenye JDK 23 ikaondolewa. Na Java wana adabu nzuri hapo: msimbo uliojengwa kwa vipengele vya majaribio unakataa kuendeshwa na toleo jingine lolote, kwa hiyo huwezi kuusahau ukaupeleka dukani kama nilivyofanya mimi. Hakuna aliyedanganywa katika haya. Neno majaribio lilikuwa limeandikwa tangu mwanzo.

Nina ombi moja kwako, na hili ni la moyoni. Ukikuta hitilafu, iripoti. Wengi wetu hapa pwani tunapakua, tunakuta kitu kimeharibika, tunasema "bado hakijaiva" na tunafuta. Waliotengeneza hawajui. Na si rahisi wajue, kwa sababu huenda ofisini kwao hakuna mtu anayeendesha Windows iliyowekewa Kiswahili cha Kenya. Tangu .NET 5 mwaka 2020, majina ya miezi, mpangilio wa tarehe na alama za fedha kwenye Windows za karibuni huchukuliwa kutoka maktaba iitwayo ICU, si kutoka Windows yenyewe kama zamani, na maktaba hiyo inasasishwa. Tarehe iliyochapwa vizuri mwaka jana inaweza kutoka kwa umbo jingine mwaka huu. Weka sw-KE, ile alama ya Kiswahili cha Kenya, kwenye programu yako ya majaribio, chapa hati moja ya kontena, linganisha na ya zamani herufi kwa herufi. Hilo ni jaribio ambalo wewe wa Kisauni unalimudu kuliko mhandisi yeyote wa ng'ambo.

Ripoti yenyewe iwe ndogo. Usiwatumie programu nzima. Anzisha mradi mpya, ongeza mistari michache tu inayotosha kuleta kosa, eleza ulifanya nini, ulitarajia nini, ukapata nini, na namba kamili ya toleo. Visual Studio ina kitufe chake cha kuripoti tatizo ambacho hujitolea kurekodi skrini na kuchukua picha ya kumbukumbu ya programu. Hapo simama. Picha ya kumbukumbu hubeba chochote kilichokuwa ndani ya programu wakati huo: majina ya waagizaji, namba zao za simu, namba za PIN. Hizo si zako za kugawa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inakuhusu wewe kama inavyomhusu mteja wako. Ndiyo maana nilisisitiza data za kubuni toka mwanzo.

Utakapokuwa tayari kuhamisha programu kwenda .NET 10, usiijaribu kwenye laptopu yako na kuridhika. Muombe mteja Jumamosi mchana ofisi ikishafungwa, ukae kwenye kompyuta kongwe kuliko zote alizonazo, ile ya kaunta, yenye printa ile ile wanayochapia kila siku. Buruta safu, nakili, chapa hati tatu, uzime kompyuta na uiwashe tena. Toleo la .NET 8 liache palepale kwenye folda yake kwa wiki mbili, na umwonyeshe karani jinsi ya kulifungua kama jipya litagoma. Ukikwama kwenye BinaryFormatter, niandikie tena, na uninakilie maandishi ya kosa lenyewe badala ya picha ya skrini, ili niweze kuyatafuta.